UZI: Tunaandaa kongamano la tiba kazi Nyanda za Juu Kusini. Mbeya au Iringa? Na tufanyeje lisiwe la hotuba tupu?

#1 Mama Splinti (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga asome kesho.

Niko Mbeya, kazi yangu ni tiba kazi. Kwa wasiotufahamu: daktari akishaokoa maisha, sisi ndio tunaouliza huyu mtu atayaishije hayo maisha. Mama kapata kiharusi, presha imeshuka, karuhusiwa, lakini hawezi kujifunga kanga wala kumenya kiazi kwa mkono uliobaki. Kijana wa bodaboda kakatika kano za vidole, mshono umepona vizuri kabisa, ngumi haifungi. Mtoto ana mtindio wa ubongo, miaka minne, bado analishwa kalazwa chali na kila mlo anapaliwa. Hao ndio wateja wetu. Na huku kwetu ongeza watoto wanaoungua, maana Juni na Julai jiko la mkaa linahamia chumbani na mtoto anajifunza kutembea humohumo.

Sasa, mwakani tunataka kufanya kongamano la kanda. Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe, Iringa, na Ruvuma wakikubali. Siku mbili. Nimetupiwa ukatibu wa kamati ya maandalizi, yaani nimetupiwa kila kitu.

Kwa nini kanda? Kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi peke yetu. Muuguzi ana wenzake wodini. Daktari ana kikao cha asubuhi. Mtu wa tiba kazi, ukitoka hospitali kubwa, unamkuta mmoja kwenye chumba kilichokuwa stoo, na akikwama kwenye mkono wa mgonjwa hana wa kumwita aje atazame. Anapiga picha anatuma kwenye grupu la wasapu, anasubiri. Makongamano makubwa yapo na ni mazuri, ila ukipiga nauli, malazi na ruhusa, anayekwenda ni bosi.

Ninachokitaka mimi: nusu ya muda watu wawe wanashika kitu. Wanatengeneza splinti (kifaa kigumu cha kushikilia mkono au kiungo kikae sawa), wanapima mtu kiti, wanabishana juu ya mgonjwa halisi. Wenzangu wawili kwenye kamati wanasema bila mgeni rasmi, meza kuu na mada kumi na mbili haliitwi kongamano.

Naomba mawazo: mahali, tarehe, ratiba, hela. Na kama uliwahi kuhudhuria kongamano lolote la afya ukatoka mikono mitupu, sema kilichokukera.

#2 Kamwene wa Gangilonga

Kamwene wote humu!

Dada, hili halina mjadala, leteni Iringa. Hali ya hewa safi, mji mdogo, unatoka ukumbini unafika lojini kwa mguu. Kwenu Mbeya mgeni akipata chumba Forest na ukumbi uko Uyole, asubuhi yake yote ni foleni ya malori ya Tunduma.

Halafu Iringa kuna kitu ambacho hamna. Neema Crafts. Mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ulianza 2003, mafundi wake ni watu wenye ulemavu: wanafuma, wanashona, wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Mkahawani wahudumu ni viziwi, unaagiza kwa kuandika au kwa alama. Nyie mnafundishana darasani kwamba kazi inamrudisha mtu kwenye maisha, pale mtaikuta inafanyika na inauzwa.

#3 Boda wa Uyole

Mimi sio mtu wa afya ila napiga kura: Tukuyu. Ndizi, parachichi, mvua. Mengine mtajadili mkishiba.

#4 Fizio Makete

Sisi wa fiziotherapia tumealikwa au tunadandia?

Kuhusu mahali, chukueni ramani. Njia ya Songea na Njombe inakutana na ya Iringa na Mbeya pale Makambako. Kutoka Iringa na kutoka Mbeya umbali karibu ni uleule, na stesheni ya TAZARA ipo. Fanyeni Makambako, kila mtu ateseke sawa.

#5 Kamwene wa Gangilonga

Makambako upepo utabeba mabango ya utafiti hadi Mbarali 😂

#6 Mama Splinti

@Fizio Makete umealikwa, kaka. Mgonjwa wa kiharusi hatumgawani, wewe miguu mimi mikono, kama tunavyotaniwa. Njoo na mada.

@Kamwene hoja ya Neema nimeipokea, imenigusa kuliko ya hali ya hewa. Ila Sumbawanga hadi Iringa ni safari ya kutwa, na hao wa Rukwa ndio wapweke zaidi. Mbeya tuna uwanja wa ndege wa Songwe tangu Desemba 2012, mtoa mada wa Dar au Moshi anafika bila kupanda mlima wa Kitonga kwa basi. Na Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko hapa, tukitaka kuona mgonjwa pamoja tunavuka barabara tu.

Makambako nimecheka, lakini nimeandika kwenye daftari.

#7 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nilifundisha fani hii Moshi miaka mingi, baadhi yenu pengine mlipita mikononi mwangu pale hospitali ya KCMC, ndiko wataalamu wengi wa nchi hii walikosomea. Niruhusuni niseme mambo mawili.

La kwanza ni tarehe. Naona mnagombania mji, na tarehe ndiyo inayoua makongamano. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti za halmashauri na hospitali zinaanza kupikwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Barua ya mwaliko ikimfikia Mganga Mfawidhi mwezi mmoja kabla ya mkutano, atakujibu kwa upole kwamba fungu halikutengwa, na atakuwa anasema kweli. Barua itoke mwaka huu, wakati watu wanaandika mipango, ikiwa na tarehe, ada na mada. Mtumishi aichukue mwenyewe aipeleke kwa mkuu wake wa idara, asisubiri ishuke.

Mwezi uwe Oktoba. Tarehe 27 Oktoba ni Siku ya Tiba Kazi Duniani, inaadhimishwa tangu 2010, kwa hiyo sababu ya kukutana mnayo bila kuitafuta. Mvua za huko kwenu zinakuwa hazijakolea, baridi imekwisha. Agosti mwanzoni msijaribu: Nane Nane ikiwa Mbeya, nyumba za wageni zinajaa mpaka mtu analala kwa shemeji.

La pili, msione aibu kwa udogo. Shirikisho la dunia la fani yetu, WFOT, liliundwa 1952 na nchi kumi tu, na likafanya kongamano lake la kwanza Edinburgh 1954. Lilichukua mpaka 2018 ndipo kongamano hilo likafika Afrika, Cape Town. Nyie mnataka kuvuka Igawa tu, hapo mpakani mwa Mbeya na Njombe.

#8 Mama Splinti

Mwalimu, shikamoo. Nimekutambua kwa hiyo "niruhusuni". Oktoba imepita bila kupingwa, barua naanza kuandika wikiendi hii.

#9 Mhasibu Mafiati

Naomba niwaharibie ndoto kidogo. Sio mtu wa afya, nimewahi kufunga hesabu za mikutano ya vyama vya kitaaluma.

Chukua mfano. Washiriki 60, ada 50,000 kila mmoja, unapata 3,000,000. Chai mbili na chakula cha mchana ukibana sana ni 20,000 kwa kichwa kwa siku. Siku mbili, watu 60: 2,400,000. Umebaki na laki sita. Ukumbi haujalipwa. Watoa mada hawajalala. Vyeti havijachapwa. Ukipandisha ada hadi 80,000 unapata 4,800,000 na unapumua, ila yule wa Rukwa anayejilipia mfukoni umeshamfukuza.

Nilichoona kikifanya kazi ni ada mbili. Anayelipiwa na mwajiri alipe kamili, na mwandalieni profoma (ankara ya awali) na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mapema maana bila hizo ofisi haitoi hela. Anayejilipia na mwanafunzi alipe nusu. Hakuna kuulizana maswali mlangoni, mtu anajaza mwenyewe fomu.

Mengine: futa begi, futa fulana, futa kofia. Kuna chama kimoja sikitaji walitumia zaidi ya robo ya bajeti kwenye mabegi ambayo zipu ziligoma kabla ya kufunga mkutano. Bango la ukumbini liandikwe bila mwaka, litumike tena. Na akaunti iwe ya chama, watia saini wawili, hela za ada zisipite kwenye simu ya katibu hata kama katibu ni malaika.

Wadhamini mnao?

#10 Mama Splinti

Wadhamini ndipo pagumu. Kwenye mikutano ya madaktari kampuni za dawa zinapanga mabanda mpaka nje, kwa sababu daktari ana kalamu ya kuandika dawa. Sisi hatuandiki dawa. Tunaandika bomba, sponji, ubao na velikro.

Kwa hiyo nimefikiria watu wa karakana: mafundi wa viti mwendo na viungo bandia, mafundi seremala. Moshi kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na visaidizi tangu 1981, nitawaandikia kama watatuletea mkufunzi wa viti mwendo. Udhamini wa mtu mwenye ujuzi kwangu ni mkubwa kuliko wa chupa za maji zenye nembo.

#11 Kiti Mwendo Njombe

Nimesoma yote kimya. Mimi natumia kiti mwendo, ajali ya gari, miaka mingi sasa. Mmeongelea ndizi, upepo, mabegi. Posti kumi zimepita hakuna aliyeuliza kama ukumbi unaingilika.

Nimealikwa kwenye mikutano mingi "ya watu kama mimi". Nawaambia inavyokwenda. Unafika, ngazi nne mlangoni, vijana wawili wanajitolea kukubeba, mmoja anashika sehemu ya kiti inayochomoka. Unaingizwa ukiwa umeshatolewa jasho na heshima. Unakuta meza kuu iko juu ya jukwaa, kwa hiyo ukiitwa kusema unasemea chini na kipaza sauti kinaletwa kwa kuinamiwa. Halafu choo. Mlango wa choo wa loji nyingi haupitishi kiti, basi siku nzima hunywi maji. Mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo akikaa bila maji siku mbili, nyie wataalamu mnajua kinachofuata kwenye kibofu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Sitaki kuwasomea vifungu. Nataka mtu achukue futi aende ukumbini kabla ya kulipa kianzio. Rampu inayofaa ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda, kumi na mbili za urefu. Ngazi tatu za sentimita kumi na tano ni sentimita 45, hivyo unahitaji rampu ya mita tano na nusu hivi. Hoteli itakuonyesha ubao wa mita moja na nusu iseme rampu ipo. Hiyo ni ya kusukumia friji.

Mlango sentimita 80 upana wa kupita, usipungue. Choo kiwe na mahali pa kugeuza kiti. Na kitanda cha loji: vingine ni virefu hadi kifuani, ukitaka kulala uombe ngazi.

#12 Fizio Makete

Hii posti ibandikwe juu ya uzi.

#13 Mama Splinti

Kaka Njombe, ahsante. Hiyo inaingia kwenye mkataba wa ukumbi: hakuna kianzio kabla ya kipimo. Na jukwaa hatutalitumia, wote tutakaa chini usawa mmoja.

Niongeze upande wa viziwi, maana nimekuwa nalifikiria tangu Kamwene ataje Neema. Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wanapokezana kila dakika ishirini au thelathini. Mikutano mingi inamwita mmoja, anatafsiri kutwa nzima, kufika saa nane mchana mikono na kichwa vimechoka na kiziwi anapata nusu ya maneno. @Mhasibu, iweke kwenye bajeti kabla ya chai.

#14 Kiti Mwendo Njombe

Jambo moja zaidi halafu nakaa kimya. Mkituita, msituite kutoa ushuhuda.

Najua mfumo. Mtaalamu anawasilisha dakika ishirini, halafu "na sasa tumsikie mnufaika wetu", dakika tano, watu wanapiga makofi, mwingine anafuta machozi, picha, kwaheri. Mimi nimetengeneza viti mwendo vya barabara za Njombe, najua beringi ipi inakufa kwenye tope na ipi haifi. Nipeni saa nzima na fundi wa kuchomelea, nifundishe. Hapo nitakuja hata kwa nauli yangu.

Na huko Neema mkienda, nunueni vitu, ulizeni mafundi wanavyopanga kazi, wanavyolipwa, kifaa gani wamekirekebisha. Msiende kupiga picha kama mko Ruaha mnatazama twiga.

#15 Kamwene wa Gangilonga

Umenipiga mahali penyewe. Nakubali.

#16 Ndaga Fijo

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mtaalamu mpya, niko wilayani huku Rungwe, peke yangu. Nimeona tangazo lenu kwenye grupu linasema "tuma ikisari", yaani muhtasari wa mada. Sina utafiti. Sina mtu wa kunifanyia takwimu. Je, naruhusiwa kuja kusikiliza tu?

#17 Mwalimu Mstaafu

Mwanangu wa Rungwe, mgonjwa gani amekusumbua zaidi tangu umeajiriwa?

#18 Ndaga Fijo

Mtoto wa kike aliungua kiganja na vidole, alishika jiko. Alikuja kwangu kidonda kimefunga lakini vidole vimeanza kujikunja. Plastiki maalumu ya kutengenezea splinti sina, hospitali haijawahi kununua. Nilichukua bomba la PVC la maji, nikalipasua, nikalilainisha kwa moto wa mbali hadi likalegea, nikalibana kwenye ubao likawa bapa, nikachora mkono wake kwenye karatasi, nikakata, nikalipasha tena nikalipa umbo juu ya mkono wangu mwenyewe uliofungwa taulo, maana juu ya ngozi yake lingemchoma. Ndani nikaweka sponji, mikanda nikashona ya begi la shule. Alivaa usiku. Bibi yake nilimwonyesha kunyoosha kidole kimoja kimoja na kupaka mafuta. Sasa anashika penseli. Kidole kidogo bado hakinyooki.

#19 Mwalimu Mstaafu

Hiyo ndiyo ikisari yako. Umeshaiandika, haijavaa nguo tu.

Maneno yasizidi 250. Anza na tatizo: mtoto, umri, mkono upi, muda gani tangu aungue, kidole kipi kilikuwa kimefika nyuzi ngapi. Ulipima kwa goniometa, kile kipimo cha pembe ya kiungo? Kama huna, ulichora kivuli cha mkono kwenye karatasi kila alipokuja? Nayo ni kipimo. Kisha ulichofanya, bomba la kipenyo gani, unene gani, alivaa saa ngapi. Kisha kilichobadilika, pamoja na hicho kidole kidogo. Usikifiche. Mimi nikiwa mhakiki, ikisari isiyo na kidole kilichogoma naitilia shaka.

Wanangu wa kamati, hapa ndipo nitawasema. Tangazo lenu linataka "utangulizi, mbinu, matokeo, hitimisho" na hapohapo mnalia kwamba hamna ikisari za kutosha. Watu kama huyu wako wengi, kazi wanayo, umbo hilo ndilo linawatisha. Wekeni aina ya pili: taarifa ya mgonjwa mmoja. Na mtoe mtu wa kumsaidia kila anayeandika mara ya kwanza, kwa simu, jioni mbili tatu. Mimi najitolea kwa watano.

#20 Mama Splinti

Mwalimu, pigo limepokelewa. Tangazo jipya linatoka kesho, na aina hiyo ya pili itakuwa ya kwanza kwenye orodha.

@Ndaga, njoo na bomba. Hatukupi dakika kumi za slaidi, tunakupa meza, jiko na watu kumi na wawili. Utatuonyesha hatua kwa hatua. Madirisha yawe wazi tu, maana PVC ikiungua moshi wake ni sumu, na hilo nalo utalifundisha.

#21 Fizio Makete

Na picha za huyo mtoto je? Nauliza kwa sababu kwenye mikutano yetu naona nyuso za wagonjwa ukutani, futi sita kwa nne, wenyewe hawana habari.

#22 Mama Splinti

Swali zuri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya humo zimewekwa kwenye kundi nyeti. Kwa hiyo: ridhaa ya maandishi ya mzazi, iseme wazi picha itaonyeshwa wapi, na mzazi aweze kukataa bila mtoto kupoteza huduma. Kwa mkono hata hatuhitaji uso. Kata picha kwenye kifundo, ondoa jina la kijiji, basi. Wanaofanya utafiti wenyewe, wa dodoso na sampuli, hao kibali cha maadili lazima kitangulie. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo hapa Mbeya, mtu aende aulize utaratibu mapema badala ya kuomba kibali baada ya kukusanya data.

#23 Boda wa Uyole

Sista samahani natoka nje ya mada. Umesema mama wa kiharusi hawezi kumenya kiazi. Ni mama yangu huyo. Mkono wa kulia haufanyi kazi, analazimisha, anajikata, analia. Mdogo wangu akimnyang'anya kisu ndiyo analia zaidi.

#24 Mama Splinti

Pole sana, kaka. Hujatoka nje ya mada, hii ndiyo mada.

Tafuta ubao wa kukatia, mzito kidogo. Pigilia misumari miwili au mitatu isiyoshika kutu kutokea chini, ncha zitokeze juu kama sentimita tatu. Kiazi kinachomekwa hapo, hakikimbii, anamenya kwa mkono wa kushoto. Chini ya ubao weka kitambaa kibichi au kipande cha mpira wa tairi usiteleze. Asipotumia, chomeka kizibo cha chupa juu ya kila ncha. Akae, asisimame. Mwanzo aanze na kiazi kimoja, vingine mmenye nyie, na msimsifie kama mtoto.

Ila mlete aonwe, huenda huo mkono bado una kitu cha kurudi, na bega lisiposhikwa vizuri mapema linaanza kuuma. Nitumie ujumbe faragha nikuelekeze.

#25 Boda wa Uyole

Ndaga fijo (asante sana) sista. Hilo kongamano wageni wenu wakitaka usafiri wa stendi kwenda ukumbini nitawatafutia vijana wasiopandisha bei.

#26 Mhasibu Mafiati

Naona ratiba haijagusiwa. Mgeni rasmi akialikwa saa tatu anafika saa tano, kila mtu anajua. Mmepoteza asubuhi.

#27 Mama Splinti

Ratiba tumeshaipigania kikaoni jana usiku na nimeshinda kwa taabu. Siku ya kwanza saa mbili asubuhi kazi inaanza: meza ya bomba, meza ya viti vya makaratasi, meza ya viti mwendo. Ufunguzi rasmi umewekwa saa nne na nusu, kabla ya chai. Mgeni akiwahi, anatukuta tuna uji wa ngano mikononi, na yeye apewe aproni. Akichelewa, hatujasimama. Wenzangu wa itifaki wamenuna ila wamekubali kwa sharti kwamba wimbo wa taifa uimbwe na risala isomwe, sawa, isomwe, ukurasa mmoja.

Hiyo meza ya makaratasi niieleze kwa wasioijua, maana ndiyo ninayoitegemea sana. Ni ufundi uliotoka Zimbabwe. Unachukua maboksi ya kawaida, ya sabuni au biskuti, unabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga wa ngano, unakandamiza chini ya uzito, linakauka likawa gumu kama ubao. Unakata vipande vya kiti kwa vipimo vya mtoto mmoja: upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo cha mgongo. Unaunga, unafunika viungo kwa vipande vya karatasi vilivyochanwa kwa mkono (mkasi unaacha ukingo mkali, unabanduka), unapaka vanishi maji yasiingie. Mtoto aliyekuwa analishwa kalazwa chali anakaa wima, kidevu kimeshuka kidogo, chakula kinapita njia yake. Gharama ni unga, vanishi na uvumilivu.

Tatizo ni kukauka. Kiti kinahitaji siku kadhaa za jua, kongamano ni siku mbili. Tutaandaa mbao zilizokwisha kukauka wiki mbili kabla, washiriki wapime, wakate na kuunga tu. Watoto watatu wa hapa mjini ambao wazazi wao wameridhia watapimwa, na viti vinabaki kwao. Hii pia ndiyo sababu ya kukataa Januari, na kukataa Tukuyu mwezi wowote 😅

#28 Kamwene wa Gangilonga

Kwa hiyo Mbeya imeshinda kimyakimya?

#29 Mama Splinti

Mbeya mwaka wa kwanza, kwa sababu ya Rukwa, Songwe na hospitali. Iringa mwaka unaofuata, na siku nzima ya pili iwe Neema, kwa masharti ya Kaka Njombe. Wewe ndiye mwenyekiti wa maandalizi ya Iringa, nimeshakuandika, usilete udhuru.

Kabla ya hapo nina kumbi mbili zilizobaki, moja Soweto, nyingine upande wa Sae. Zote zinasema "tuna rampu".

#30 Kiti Mwendo Njombe

Jumamosi ijayo nina safari ya Mbeya kufuata tairi. Nipitie kumbi zote mbili? Mimi ndiye kipimo chenyewe, nikikwama mlango haupiti.

#31 Mama Splinti

Njoo. Nitakuwa stendi saa sita na futi mkononi. Tuanze na vyoo.

#32 Ndaga Fijo

Na mimi naweza kushuka siku hiyo? Nije na kipande cha bomba, mnitazamie kama unene unafaa.

#33 Mama Splinti

Shuka. Basi la saa mbili linatosha. Leta na ule mchoro wa mkono wa mtoto, Mwalimu atapiga simu ya video saa nane tuupime pamoja.